Rafiki yangu kanipa siri yake, nami nikamjibu kwa tusi letu la kila siku

Shikamoo Bi Mshauri,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 36, nimeoa, nina watoto wawili: wa kiume ana miaka minane, wa kike minne. Kwa rafiki zangu mimi ndiye mchekeshaji. Kila genge lina mtu wa aina yangu, yule anayebatiza watu majina, anayerekodi sauti ya dakika tatu kumsimanga aliyekosa penalti, ambaye asipokuwepo watu wanaulizana mbona leo kumepoa.

Tuko kumi na mmoja, tunajuana tangu shule. Tuna kundi letu la WhatsApp, na kila Jumamosi jioni tunacheza mpira. Katika lugha yetu neno "msenge" ni kama nukta mwisho wa sentensi. Mtu akichelewa, "msenge huyo bado kalala." Akiogopa mvua, "acha usenge wewe." Mkewe akimpigia arudi nyumbani, "shoga kaitwa." Hata simu ikizima chaji, ni simu ya kisenge. Naapa sijawahi kusema neno hilo nikiwa namfikiria mtu wa namna hiyo. Ni mdomo tu.

Wiki tano zilizopita tulibaki wawili uwanjani, mimi na rafiki yangu wa tangu darasa la tatu. Nitamwita Nahodha, kwa sababu ndiye pekee kati yetu ambaye hajawahi kuwa nahodha. Tulikuwa tumekaa chini tunavua viatu. Akaniambia kwao wamemtafutia mchumba na safari hii hawataki kusikia visingizio. Nikamwambia ni heri, oa tule pilau. Akanyamaza kidogo, halafu akasema hawezi, kwa sababu havutiwi na wanawake, hajawahi kuvutiwa nao, na amejaribu miaka yote hii kujilazimisha mpaka amechoka.

Bi Mshauri, mimi nilidhani anatega utani. Nikacheka. Na neno likanitoka kabla sijajua limetoka: "Acha usenge."

Naye akacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Akasema, "Nilijua utasema hivyo." Halafu akaanza kufunga kamba za viatu alivyokuwa anavua. Ndipo nikaelewa kwamba hatanii. Nikamshika bega, nikasema kitu, hata sikumbuki nilisema nini. Tukaondoka.

Usiku akanitumia ujumbe: "Bado tuko pamoja?" Nikamtumia alama ya kidole gumba.

Tangu hapo anakuja mpirani kama kawaida na tunaongea habari za mpira tu. Lakini mimi silali vizuri. Niliingia kwenye kundi letu nikalitafuta neno lile katika ujumbe wa zamani. Nikawa napandisha, napandisha, nilipofika miaka miwili nyuma nikaacha. Nusu ni yangu. Kilichonishangaza ni kwamba baada yangu, anayelitumia kuliko wote ni Nahodha mwenyewe. Sasa pengine halimuumizi? Au ndiyo nini?

Nilimuuliza mke wangu juu juu, bila kumwambia kisa, kama maneno ya utani yana ubaya. Akasema, "Neno ni neno tu. Watu wanaita mbwa wao Simba na hakuna aliyeliwa." Anaamini maana iko moyoni mwa msemaji. Mimi pia naona kuna ukweli. Lakini juzi mwanangu alimwambia mwenzake neno hilo hilo shuleni, tukaitwa. Usiku akaniuliza, "Baba, msenge ni nini?" Nikamwambia ni mtu mvivu.

Nimejaribu kupunguza. Tayari mmoja ameshaniuliza, "Siku hizi umeokoka?" Nikiwaambia wenzangu waache, watataka kujua kwa nini, na katika watu kumi na mmoja wasiooa ni wawili tu. Naogopa wema wangu ndio utakaomchomea.

Na nikuambie ukweli wote. Imani niliyolelewa nayo sijaiacha. Naamini ninachokiamini kuhusu jambo hili, na hata nimewaza nimshauri atafute matibabu au maombezi. Nikiacha neno hili, si ni kama nimekubali kila kitu? Je, maneno haya kweli yanafanya kitu duniani, au mimi najisikia vibaya kwa sababu tu safari hii ni mtu ninayempenda? Na Jumamosi nikifika uwanjani nifanye nini?

Mwenye Mdomo


Marahaba, mwanangu.

Neno lako nimeliacha kama ulivyoliandika. Nitapigiwa simu kwa hilo, najua, lakini safu inayojadili tusi huku imelifunika kwa vinyota haimsaidii mtu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kijuujuu unauliza kama tusi la utani lina madhara. Chini yake naona mambo mengine yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni: hatia kwa ulichosema siku ile, hofu ya kumfichua mwenzako, imani yako, na mtoto anayejifunza kusema kutoka kwako. Ukiuvuta mzigo huo mzima mzima utakuumiza mgongo. Tutoe kijiti kimoja kimoja, na vingine nitavipita haraka.

Nianze na mkeo, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Ni kweli neno halina maana moja ya milele. Mimi nimekulia katika Kiswahili ambamo "shoga" lilikuwa neno tamu. Shoga yangu alikuwa msichana mwenzangu tuliyesukana nywele na kuandikiana barua zilizoanza "Shoga yangu mpenzi". Kamusi za zamani zinalieleza hivyo, kuwa ni la wanawake wanaoitana kirafiki, na ile maana nyingine imeishi pembeni yake muda mrefu. Sasa wajukuu zangu wanaitana "shosti", na nadhani sababu mojawapo ni kwamba lile la kwanza limewatia woga. Waingereza nao yamewakuta. Neno lao "gay" lilikuwa na maana ya uchangamfu, likaja kuwa jina ambalo watu wa mapenzi ya jinsia moja walijichagulia wenyewe, halafu vijana wao wakaligeuza kuwa la kila kitu kibovu: viatu vibaya, somo gumu, simu iliyozima. Kama simu yako.

Basi mkeo ana haki kusema maneno husafiri. Ila hebu tutazame lako linabeba nini safarini. Neno lile lile ambalo mwanamke akimwita mwanamke mwenzake ni pendo, akiitwa mwanamume ni tusi. Kilichobadilika hapo katikati ni nini? Isome tena orodha uliyonipa: aliyelala, aliyeogopa mvua, aliyeitwa na mkewe, simu isiyo na nguvu. Hakuna hata mmoja humo anayehusika na nani anampenda nani. Wote wameshtakiwa kwa udhaifu, kwa kufanana na mwanamke kama mnavyomfikiria mwanamke. Yule aliyeitwa na mkewe kosa lake ni lipi, kupendwa nyumbani? Mke wako anatetea neno ambalo nusu ya uzito wake unamwangukia yeye. Sikwambii ukamwambie hivyo leo wakati wa chakula. Nakuonyesha tu kwamba tusi hili lina kazi, na kazi yake ni kuwachunga wanaume wote kumi na mmoja wasitoke nje ya mstari. Nahodha ni mmoja tu kati ya waliochungwa.

Unasema unaposema neno hilo humfikirii mtu wa namna hiyo. Nakuamini. Lakini hapo ndipo ningependa usimame kidogo. Ili usemi huo uchekeshe, si lazima awe amekubaliwa tayari na wote mnaosikia kuwa mtu wa namna hiyo ni kitu cha chini? Kama asingekuwa chini kichwani mwenu, utani usingekuwepo. Kutomfikiria hakufuti jambo hilo. Inawezekana ndivyo linavyoishi, kwa kusemwa mara nyingi na watu wasiofikiri.

Sasa, je, linaongeza chuki duniani? Hapa sitakupa jibu jepesi, kwa sababu hata waliolichunguza hawakubaliani. Yupo mwanasosholojia wa Uingereza, Mark McCormack, aliyekaa na wavulana wa sekondari akawasikia wakisema "hiyo ni gay" siku nzima, na wakati huo huo wana rafiki wa mapenzi ya jinsia moja ambao hawawatengi. Yeye anasema usilipime neno peke yake, lipime pamoja na mahali linaposemwa na watu wanaolisema. Huyo ni wakili wako mzuri. Upande wa pili, mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa na Michael Woodford na wenzake, wakiwauliza zaidi ya wanafunzi 100 wa chuo kikuu, mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote mbili. Wale waliousikia usemi huo mara nyingi ndio waliokuwa wakijiona wametengwa zaidi, na ndio walioumwa kichwa na tumbo zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba neno ndilo lililowaumiza tumbo. Lakini angalia nani kaulizwa. McCormack aliwasikiliza zaidi wasemaji, Woodford akawauliza wasikiaji.

Kuna la tatu ambalo mimi naliona linakuhusu zaidi. Mwanasaikolojia Thomas Ford amechunguza kwa miaka mingi utani wa kudhalilisha watu, na kwa ufupi anasema hivi: utani huo haumpandikizii chuki mtu asiyekuwa nayo, ila humfungulia mlango aliyekuwa nayo tayari. Akisikia wenzake wanacheka, anaona kumbe hapa inaruhusiwa. Sasa rudi uwanjani kwenu. Mko kumi na mmoja, wote mnasema neno moja, kwa sauti moja, mnacheka kicheko kimoja. Wewe humaanishi. Tuseme na wengine saba hawamaanishi. Je, yule mmoja anayemaanisha, ambaye akijua habari za Nahodha atamtoa kazini au atamletea watu mlangoni, anafananaje? Anafanana nanyi. Amejificha ndani ya utani wenu kama jiwe ndani ya mchele. Na Nahodha, miaka yote hiyo, hakuwa na njia ya kujua jiwe ni lipi. Hata wewe hakujua. Ndiyo maana alisema, "Nilijua utasema hivyo."

Kwa hiyo mbwa aitwaye Simba ni mfano mzuri, ila una pengo. Simba mwenyewe hayumo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Ukimwita mchelewaji msenge, tusi lina anwani mbili. Ya kwanza ni ya mchelewaji, naye anacheka na kukujibu, hajapungukiwa kitu. Ya pili ni ya mtu aliyenyamaza pembeni akihesabu, na huyo hukumtumia makusudi, lakini mzigo umefika.

Unaniuliza mbona basi Nahodha ndiye analitumia sana. Sijui. Na wewe hujui. Nimepokea barua nyingi za watu wanaojificha ndani ya umati kwa kupiga kelele kuushinda umati, maana anayesema neno kwa sauti kubwa hashukiwi. Nimepokea pia za watu wanaoliokota tusi lao wenyewe na kulifanya kichekesho chao, wasijisikie vibaya hata kidogo, na wakakasirika ukiwaonea huruma. Anaweza kuwa wa kwanza, anaweza kuwa wa pili, anaweza kuwa wa kwanza Jumatatu na wa pili Jumamosi. Usimwamulie. Ila usichukue idadi ya mara alizolisema kama stakabadhi kwamba halina deni.

Imani yako sitaigusa, si kazi yangu na hukuniomba. Nina jambo moja tu la kukuuliza. Umeniandikia kana kwamba kuna vitu viwili vinavyokwenda pamoja daima: kuamini ulichofundishwa, na kulisema neno. Je, ni nani aliyekufundisha la pili? Hukutaja dini yako, basi nitataja mbili. Katika Qurani, sura ya Al-Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Katika Biblia, Yakobo sura ya 3 anashangaa ulimi mmoja kumsifu Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Naona mtu anaweza kuacha tusi akabaki na itikadi yake nzima mfukoni. Kama itikadi hiyo nayo utaitafakari upya siku moja kwa kuwa sasa ina uso wa mtu unayemjua, hiyo ni safari yako na ina muda wake. Hata hivyo usije ukajidanganya kwamba ukiacha neno tu basi mmemalizana. Siku moja anaweza kukuuliza wazi unamwonaje, na hapo itakubidi uwe mkweli na mwenye huruma kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu kuliko kuacha usemi.

Kuhusu matibabu, ngoja kwanza. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, na chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa kimeshafanya hivyo mwaka 1973. Huyo mtu amekwambia amejaribu miaka yote kujilazimisha. Ukimpelekea ushauri wa kujaribu tena, utakuwa humjibu alichokwambia. Na habari ya mchumba ina mtu wa tatu ndani yake, binti wa watu ambaye hajui lolote. Hilo ni zito, lakini ni barua ya Nahodha kuiandika. Akitaka kulizungumza nawe, msikilize.

Tuje kwenye hofu yako, ambayo naiona ni ya haki kabisa. Katika nchi zaidi ya 60 duniani mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, na hata pasipo na sheria ya namna hiyo mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba na ndugu kwa wiki moja. Siri hii si yako. Ulifanya vizuri kutomwambia mkeo kisa chenyewe, hata kama unamwamini kwa roho yako. Endelea hivyo mpaka mwenye siri akuruhusu.

Unaweza kuamua usibadilishe chochote kundini, utani uendelee, na wewe umjali pembeni. Faida yake hakuna atakayeshtuka. Hasara yake utakuwa unamwambia jambo moja faraghani na jingine mbele ya watu, naye anasoma yote mawili kwenye simu moja. Unaweza kuacha wewe peke yako kimya kimya. Hilo lina usalama, ila mchekeshaji akinyamaza huonekana haraka, kama redio iliyozimwa, na tayari umeulizwa kama umeokoka. Unaweza kusimama ukawahubiria wenzako. Hilo mimi lingenitia hofu, kwa sababu ulizosema: wataanza kutafuta sababu, na wasiooa ni wawili. Huyo wa pili naye usimsahau, anaweza kuangukiwa na tuhuma isiyo yake.

Lakini kuna kitu umekiandika mwenyewe ukakipita mbio. Mwanao amelitoa neno hilo shuleni, mkaitwa. Hicho ni kisa cha kweli, kimetokea nyumbani kwako, kina aibu ya kutosha, na hakimwelekezi mtu yeyote kwa Nahodha. Baba anayewaambia rafiki zake, "Jamani, mwanangu ameniumbua shuleni kwa neno langu mwenyewe, nisaidieni nilizoee kuliacha," hajahubiri na hajasema uongo. Watakucheka, bila shaka. Wiki ya kwanza wanaweza kulisema mara mbili zaidi ili kukuchokoza. Wewe ndiye fundi wa kicheko hapo, hebu niambie: kwa miaka yote hiyo hukuwahi kupata namna nyingine ya kumsimanga mtu aliyekosa penalti akiwa amebaki yeye na kipa? Neno moja kwa kila kosa ni uvivu wa fundi. Nakutania, lakini si sana. Watu wakizoea kucheka kitu kingine huwa hawakumbuki walichokuwa wanacheka zamani.

Hata hivyo nisingefanya hata hilo kabla ya kumuuliza Nahodha. Anaweza kukwambia fanya. Anaweza kukwambia acha kila kitu kama kilivyo, usitikise maji, na hapo utabanwa kati ya heri yake na dhamiri yako. Sina dawa ya mbano huo. Ninachojua ni kwamba mtu aliyefichwa miaka mingi amekuwa akipima hatari kila siku, na huenda anaijua vizuri kuliko mimi na wewe.

Na tafadhali usianze kuufuta ujumbe wako wa zamani mmoja mmoja kwenye kundi. Niliuona wasiwasi huo katikati ya mistari yako. Ule wa zamani ukiufuta unatoka kwenye simu yako tu, kwa wenzako unabaki. Na ule wa karibuni ukiufuta kwa wote unaacha alama kwamba umefutwa, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuwafanya watu kumi waanze kusoma.

Mtoto. Ulimwambia msenge ni mtu mvivu. Nimecheka, halafu nikasikitika, maana kesho atamwita mwalimu wake hivyo akiwa na moyo safi. Ana miaka minane, hahitaji somo refu. Mwambie ulimjibu vibaya, kwamba ni neno la kuumiza watu, kwamba baba alikuwa analisema na anajaribu kuliacha. Watoto hupenda sana kumsahihisha mzazi. Atakuchunga kuliko mimi.

Imebaki siku ile yenyewe. Unauliza kama unaumia kwa sababu tu safari hii ni mtu unayempenda. Ndiyo, nadhani ni kwa sababu hiyo, na sioni aibu ndani yake. Wengi wetu hatujali mpaka jambo lipate jina la mtu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa msichana, tulikuwa na kijana darasani aliyependa kushona vitambaa. Tulimpa jina lile mpaka akaacha kushona. Sijui hata kama lilikuwa jina lake kweli. Pengine alikuwa anapenda vitambaa tu. Aliacha kushona, na mimi nililiona hilo kama ushindi.

Utataka kumwomba radhi. Omba, ila uangalie asije akapewa kazi ya kukufariji. Ukifika na machozi na hadithi ya miaka miwili ya ujumbe uliyoipekua, atajikuta anasema "usijali, usijali," na yeye ndiye aliyetaka kusikilizwa. Sentensi mbili zinatosha: nilichokujibu siku ile kilikuwa kibaya, na nataka kusikia ulichokuwa unaniambia. Halafu ufunge huo mdomo uliojipa jina lake, ukae nao hivyo, hata akinyamaza kwa muda mrefu.

Jumamosi uwanjani mtakuwa kumi na mmoja, si mahali pake. Mtafute kabla. Wewe ni mtu wa kurekodi sauti za dakika tatu kwa penalti iliyokosa, na mimi umeniandikia kurasa. Yeye alikuuliza maneno matatu, "Bado tuko pamoja?", na kwa wiki tano ana kidole gumba. Umesema alikuwa anavua viatu, kisha akaanza kuvifunga kamba tena. Alikuwa anajiandaa kuondoka, mwanangu. Halafu usiku ule ule akaandika.

Wako,
Bi Mshauri